Hisa za mitandao ya kijamii: Wingi wa watumiaji si wingi wa faida

MFANYABIASHARA wa vitunguu anayetaka kujua bei ya gunia katika soko la Ilala hana haja tena ya kupanda basi kwenda kuuliza. Anapiga picha ya mzigo wake, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na muda si mrefu anajua nani ananunua na kwa bei gani. Kutokana na urahisi huo wapo wanaojiuliza: kama dunia nzima inatumia mitandao hii, je, si busara kununua hisa za makampuni yanayoimiliki na kuziacha zikue kwa miaka mingi, kama mkulima wa Njombe anavyopanda miti ya mbao?

Swali hilo si la matajiri peke yao. Fedha ambayo mkulima au mfanyabiashara mdogo anaweza kuiweka kwenye hisa ndiyo hiyo hiyo inayotegemewa kwa mbegu, mbolea na ada za shule. Ikipotea, msimu mzima unapotea nayo.

Jibu halipatikani kwa kuhesabu watu wanaotumia mtandao. Linapatikana kwa kuuliza mambo manne: nani analipa, kampuni inabakiwa na nini baada ya gharama, hisa imenunuliwa kwa bei gani, na mwenye hisa anaweza kusubiri kwa muda gani.

Nani analipa?

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mtumiaji ndiye mteja. Mfanyabiashara wa vitunguu hailipi WhatsApp hata senti moja kwa ujumbe wake. Fedha yake inakwenda kwa kampuni ya simu, anaponunua kifurushi cha intaneti.

WhatsApp, Facebook na Instagram ni mali ya kampuni moja ya Marekani, Meta, ambayo hadi Oktoba 2021 iliitwa Facebook. Wateja wake hasa ni makampuni na wafanyabiashara wanaolipia matangazo. Mwaka 2023 Meta ilipata mapato ya karibu dola za Marekani bilioni 135, na kati ya hizo karibu bilioni 132 zilitokana na matangazo.

Aidha, watumiaji hawana thamani sawa kwa kampuni. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2023, Facebook ilijipatia wastani wa zaidi ya dola 68 kwa kila mtumiaji wa Marekani na Kanada. Kwa kundi la nchi ambamo Afrika imo, wastani huo haukufika dola 6. Kwa hiyo habari kwamba mtandao fulani umepata watumiaji wapya milioni 10 haimsaidii mwekezaji mpaka ajue watu hao wako wapi, na nani yuko tayari kulipa ili kuwafikia.

Watu wengi, faida hakuna

Mfano mzuri ni kampuni ya Snap, inayomiliki mtandao wa Snapchat. Mwaka 2024 mtandao huo ulikuwa na watu zaidi ya milioni 400 wanaoutumia kila siku, idadi inayozidi mara kadhaa wakazi wote wa Tanzania. Hata hivyo, tangu ilipoanza kuuza hisa kwa umma mwaka 2017 hadi kufunga hesabu za mwaka 2024, Snap haikuwahi kumaliza mwaka hata mmoja ikiwa na faida.

Hali hiyo haina tofauti na mkulima mwenye shamba kubwa lililostawi vizuri, lakini kila mavuno gharama za vibarua, dawa na usafiri zinazidi fedha ya mauzo. Wapita njia watasifu shamba. Mwenye shamba anajua deni lake.

Upande wa pili ipo Meta yenyewe, ambayo mwaka 2023 ilipata faida ya dola bilioni 39 baada ya kulipa gharama na kodi. Makampuni haya mawili yanafanya biashara ya aina moja, yanauza matangazo kwa wateja wa aina moja, lakini matokeo yao yametofautiana kama usiku na mchana. Ndiyo maana si sahihi kuyazungumzia makampuni ya mitandao ya kijamii kana kwamba ni kitu kimoja.

Bei ya kununulia

Jambo la tatu ni bei. Facebook iliuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza Mei 2012, kwa dola 38 kila moja. Mtu aliyeweka dola 1,000 alipata hisa 26 hivi. Miezi minne haijaisha, Septemba 2012, bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 18, na fedha yake ilikuwa imebaki karibu dola 470. Aliyeogopa akauza wakati huo alipoteza zaidi ya nusu. Aliyevumilia hadi mwisho wa mwaka 2024 alikuwa na hisa zenye thamani ya zaidi ya dola 15,000.

Mfano huo ndio unaopendwa na wanaowashawishi watu wanunue. Lakini kampuni hiyo hiyo ina mfano mwingine. Septemba 2021 hisa yake ilifika karibu dola 380. Februari 2022, baada ya kutangaza kwamba idadi ya watumiaji wa Facebook wa kila siku imepungua kwa mara ya kwanza, kampuni ilipoteza thamani ya zaidi ya dola bilioni 230 kwa siku moja. Novemba mwaka huo hisa ilishuka chini ya dola 90. Aliyeingia na dola 1,000 wakati bei iko juu alikuwa amebakiwa na pungufu ya dola 240, na ilimlazimu kusubiri hadi Januari 2024 kuiona tena bei aliyonunulia.

Twitter nayo inafundisha. Novemba 2013 hisa zilitolewa kwa dola 26, lakini siku ya kwanza sokoni bei iliruka hadi karibu dola 45. Waliopata zile za dola 26 walikuwa zaidi ni wawekezaji wakubwa. Mtu wa kawaida alinunua kwa bei iliyokwisha kupanda. Mwaka 2016 bei ilishuka chini ya dola 15. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua kampuni yote kwa dola 54.20 kwa kila hisa, na ikaondoka kwenye soko la hisa. Aliyenunua kwa dola 45 na kusubiri karibu miaka tisa alipata ongezeko la asilimia 20 tu, bila gawio lolote katikati.

Kwa Snap hesabu ni mbaya zaidi. Hisa iliyouzwa kwa dola 17 Machi 2017 ilipanda hadi zaidi ya dola 80 Septemba 2021, kisha ikaanguka. Mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa chini ya dola 11. Dola 1,000 za mwaka 2017 zilikuwa zimebaki kama dola 630.

Hakuna gawio la kungojea

Mwenye hisa za benki au kiwanda cha bia hapa nchini amezoea kuuliza gawio kila mwaka. Kwa makampuni ya mitandao ya kijamii, kwa sehemu kubwa, hilo halipo. Snap haijawahi kulipa gawio. Meta ilitangaza gawio lake la kwanza Februari 2024, karibu miaka 12 baada ya kuingia sokoni, nalo lilikuwa senti 50 za dola kwa hisa kwa kila miezi mitatu. Mwenye hisa 26 alipata dola 13.

Maana yake ni kwamba katika miaka yote hiyo, mwenye hisa aliyehitaji fedha hakuwa na njia nyingine ila kuuza. Ada ya shule haisubiri bei ipande. Ikitokea mahitaji yamefika mwezi ambao soko limeanguka, mtu anauza kwa hasara mali ambayo pengine ingemlipa miaka miwili baadaye.

Zao moja, na mwenye sauti mmoja

Wakulima wanajua hatari ya kutegemea zao moja. Makampuni haya yanategemea matangazo, na tena yanayafikisha kwa watu kupitia simu ambazo hayazitengenezi. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilibadilisha utaratibu wa simu zake, ili mtumiaji aulizwe kwanza kama anakubali kufuatiliwa na programu alizoweka. Mwaka uliofuata Meta ilieleza kwamba mabadiliko hayo yangeipunguzia mapato ya kiasi cha dola bilioni 10 kwa mwaka huo wa 2022. Uamuzi wa mwenye njia uliingia moja kwa moja mfukoni mwa mwenye duka.

Lipo pia suala la kura. Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, anashikilia zaidi ya nusu ya kura zote za Meta kwa sababu hisa zake za daraja maalumu zina kura 10 kila moja. Snap ilikwenda mbali zaidi: hisa ilizouza kwa umma mwaka 2017 hazikuwa na kura kabisa. Mkulima aliyezoea kusimama kwenye mkutano wa chama cha ushirika na kumhoji mwenyekiti ajue kwamba huku ananunua sehemu ya mali, lakini hanunui sauti.

Somo la mkonge

Muda mrefu pia unaweza kuimaliza biashara iliyoonekana haiwezi kufa. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka na kuongoza duniani. Baadaye zikaja kamba na nyuzi za viwandani zinazotokana na mafuta ya petroli. Pamoja na matatizo ya uendeshaji wa mashamba, uzalishaji ulishuka hadi karibu tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu hawakuacha kufunga mizigo. Walipata kamba nyingine ya bei nafuu zaidi.

Katika mitandao mabadiliko ya namna hiyo hayachukui miaka 30. MySpace ilinunuliwa mwaka 2005 na kampuni ya News Corp kwa dola milioni 580, na ndiyo iliyokuwa ikitamba Marekani wakati huo. Mwaka 2011 iliuzwa kwa dola milioni 35 hivi. Katika kila shilingi 100 zilibaki sita. Mkonge uliong'olewa unaacha ardhi inayoweza kulimwa mahindi. Mtandao uliokimbiwa na watu hauachi kitu cha kupanda.

Mkulima afanye nini?

Ni dhahiri kwamba makampuni haya, yakichukuliwa kwa ujumla, si mahali salama pa kuweka akiba ya muda mrefu. Ipo iliyowatajirisha waliosubiri, ipo iliyowarudishia kidogo, ipo iliyowala mtaji, na iliyokwisha kabisa. Aliyenunua kwa sababu tu kila mtu anautumia mtandao huo hakuwa na njia ya kujua ameangukia kundi gani.

Mwenye fedha ya ziada, asiyoihitaji kwa miaka 10, anaweza kuingia kwa kiasi kidogo, baada ya kuona hesabu za faida za miaka kadhaa na siyo idadi ya watumiaji. Akumbuke kwamba hisa hizo haziuzwi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ananunua kwa dola, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa shilingi nako kunaingia katika hesabu yake. Na anayepelekewa ujumbe wa simu ukimtaka atume fedha ili auziwe hisa za Facebook kwa faida ya uhakika kila mwezi asitume. Hakuna hisa yenye faida ya uhakika ya kila mwezi, na anayefanya biashara ya hisa nchini anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Kwa aliye wengi, faida ya mitandao hii ipo katika kuitumia kuliko kuimiliki. Mkulima aliyepata bei ya kweli ya gunia kabla ya dalali kufika shambani ameshavuna, bila kununua hata hisa moja. Fedha ya mbegu ibaki kuwa ya mbegu.