Shamba pori lina mwenyewe

Anayetembea vijiji vya Chiungutwa, wilayani Masasi, kisha akapanda hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, huona mashamba ya mikorosho ya aina mbili yakiwa yamepakana. Moja limefyekwa na kupaliliwa, na mtu akisimama mpakani huona mashina hadi mpaka wa pili. Jingine ni giza tupu. Matawi yamesongamana, yaliyokauka hayakukatwa, machipukizi yamejaa chini ya miti, na nyasi ndefu zinasubiri moto wa kiangazi. Hilo ndilo liitwalo shamba pori.

Hivi karibuni alitufikia kijana mmoja baada ya sala ya Ijumaa. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam, ambako biashara ya kutembeza nguo haikumnufaisha, na sasa ameazimia kulima. Jirani na kwa mama yake lipo shamba pori ambalo mwenyewe alikwisha kufariki na watoto wake hawaonekani. Kijana alikuwa amesikia darsani kwamba mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo huwa yake. Akatuuliza: je, aingie na panga lake?

Tulimjibu kuwa asiingie, na tunaona kuwa sababu za jibu letu zinawahusu wengi.

Mafundisho hayo ya Mtume (s.a.w.) yanajulikana, lakini wanazuoni wa fikihi wameyaeleza kuwa yanahusu ardhi isiyo na mwenyewe. Shamba la mikorosho, hata lisongwe na nyasi namna gani, lilipandwa na mtu, na mtu huyo akifa haki yake huhamia kwa warithi. Hata katika ardhi isiyo na mwenyewe, Imamu Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala, ingawa Imamu Shafii hakuishurutisha. Kwetu Tanzania hapana haja ya mjadala mrefu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo haina ruhusa ya kumgawia mtu kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Sheria hiyo inaitaja pia ardhi iliyotelekezwa kwa muda usiopungua miaka 5, na imeweka utaratibu wa kufuatwa. Panga la mtu mmoja alfajiri si utaratibu.

Lakini mwenye kuitelekeza ardhi naye asijione yu salama. Inapokewa kuwa Khalifa Umar (r.a.) hakumwachia haki mtu aliyewekea alama ardhi isiyo na mwenyewe, kisha akakaa miaka 3 bila kuifanyia kazi.

Tujiulize basi, mashamba haya yalikuwaje pori? Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka huku kusini. Miaka hiyo hiyo wananchi walihamishiwa katika vijiji vipya, na wengi wakaiacha mikorosho yao mbali na makazi. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni. Kisha ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ukawa unakausha maua kabla hayajashika korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Kazi ya watafiti wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, juu ya matumizi ya salfa ya unga ilisaidia kulirudisha zao hili katika miaka ya 1990, na msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000.

Pamoja na hayo mashamba pori yangalipo. Kwa maoni yetu, sababu kubwa siku hizi si ugonjwa wala bei, bali ni mirathi isiyogawanywa.

Mzee hufariki, khitma ikasomwa, arobaini ikapita, na hakuna anayethubutu kulizungumza shamba. Watoto wako Dar es Salaam na Lindi. Mpwa husema shamba la mjomba ni lake, kwa kuwa Wamakua, Wayao na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Watoto husema dini imewapa wao. Mjane, aliyelipalilia shamba hilo tangu akiwa bibi harusi, haulizwi neno. Kila mmoja huogopa kuwa atakayefyeka ataonekana amejimilikisha, hivyo hafyeki yeyote. Ukifika mwezi wa Oktoba, huja mmoja mmoja usiku na kiroba kuokota korosho.

Hapa hatuna budi kuwasema masheikh wetu, na sisi wenyewe tukiwamo. Tunajua hukumu hii na tunainyamazia ili tusiwaudhi wazee. Hulipwa madeni ya marehemu, hutekelezwa wasia wake usiozidi theluthi, kisha kila mrithi hupewa fungu lake, na mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumni yake. Mjomba aliyetaka kumwachia mpwa wake kitu, hali mpwa huyo si mrithi, alikuwa na mlango wa wasia akiwa hai. Mahakama ya Mwanzo nayo huteua msimamizi wa mirathi. Tena shamba lililoachwa humdhuru asiyehusika na ugomvi wowote: ubwiriunga hujificha katika machipukizi ya shamba pori, na upepo huupeleka kwa jirani aliyegharimia salfa.

Kwa mrithi asiyeweza kurudi nyumbani ipo njia ya musaqaat, yaani kumkabidhi mtu miti aihudumie kwa sehemu maalumu ya mazao. Mtume (s.a.w.) aliafikiana hivyo na watu wa Khaybar kwa nusu ya mavuno. Wanazuoni wamehitilafiana kama mkataba huu unavuka mitende na mizabibu, na wengi wameuruhusu kwa miti mingine izaayo matunda. Uandikwe mbele ya mashahidi: sehemu ya kila upande, idadi ya miaka, nani ananunua salfa, na kuni za miti itakayokatwa ni za nani. Hili la kuni hudharauliwa, na ndilo linalogombanisha watu mapema. Usichanganywe na rehani ya mikorosho iliyozoeleka, ambapo mwenye kukopesha huvuna mwaka hadi mwaka na deni halipungui hata shilingi. Hiyo ni riba.

Kijana aanze na ekari moja. Baada ya mavuno akate machipukizi na matawi makavu, na achonge barabara ya moto kuzunguka shamba. Wazee wetu walipanda mbegu karibu karibu ndani ya mashamba ya muhogo, hivyo kazi ngumu ni kupunguza miti. Nafasi ya mita 12 kwa 12 huacha mikorosho 28 hivi kwa ekari, na mtu huona uchungu kuangusha mti uliopandwa na babu. Miti iliyochoka hukatwa, na machipukizi mapya ya kisiki hubebeshwa vikonyo vya mbegu bora. Wakati wa kungoja, kunde, karanga na mbaazi hulimwa katikati. Salfa hupulizwa kuanzia Juni hadi Septemba, na pembejeo za ruzuku hugawiwa kwa wakulima waliosajiliwa. Marehemu hasajiliwi.

Majaribu yatamjia kabla ya mavuno, nyumbani hakuna unga, na mnunuzi wa kangomba amesimama mlangoni na fedha taslimu akitaka korosho zilizo bado mtini kwa bei ya kutupa, kwa kipimo kinachozidi kilo. Misikiti inayokusanya zaka na sadaka ifikirie kumkopesha mkulima huyo bila ziada hadi ghala lifunguliwe. Gunia moja la mahindi kwa wakati wake lingemwokolea magunia ya korosho.

Kijana wetu tulimwelekeza kwanza kwa mjane wa marehemu, ambaye hakuwa amefikiria kumwendea. Mama huyo alimpa namba ya simu ya mtoto wake mkubwa, naye ameahidi kuja na nduguze ili mirathi ifunguliwe. Hadi tunakwenda mitamboni walikuwa hawajafika.