Mcheza Kwao Hutuzwa Wapi?

Imezagaa kauli katika baraza za wapenda sanaa, Unguja na Mrima, kwamba atakaye kumwona mchekeshaji hodari akiwa hai jukwaani na asubiri tamasha. Ni kauli ya uvivu, na wanaoirudia hawajui wanamuua nani.

Tamasha lina heshima yake. La Bagamoyo lilianza mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa Chuo cha Sanaa. La filamu la Zanzibar likafuata 1998, na Sauti za Busara 2004. Yote yameleta wageni, yamewalipa wasanii, yamezitangaza nchi hizi. Lakini tamasha huvuna tu, na mvunaji aliyesahau shamba atakufa njaa msimu wa pili.

Shamba la kichekesho ni Temeke, Mbagala, Magomeni, Mwananyamala na Kinondoni. Katika miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano cha Norbert Chenga, na baadaye Tanzania One Theatre cha Kapteni John Komba, viliingia katika kumbi za baa vikaujaza usiku mmoja kwa ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Watu wa visiwani huikumbuka taarabu peke yake, kwa kuwa Khadija Kopa alitoka Culture Musical Club akaenda kumenyana na Nasma Khamis. Kichekesho kilichopanda jukwaa moja nayo wamekisahau.

Ukumbi wa mtaani una sheria ambayo tamasha halina: mtazamaji wa leo ndiye wa wiki ijayo. Mwuza maandazi, utingo wa daladala na fundi cherehani hurudi. Mzaha wakiusikia mara ya pili hunyamaza. Mara ya tatu hutoka nje kununua mishikaki. Wanamjua mwenye nyumba anayeigizwa, wanayajua mafuriko ya bonde la Msimbazi, na wanaujua mpaka wa utani baina ya Mzaramo na Mnyamwezi. Mchekeshaji hana pa kujificha. Washairi wanalielewa jambo hili kuliko wote, kwani malenga hukomaa kwa kujibiwa. Tamashani, aghalabu, mchekeshaji hupewa dakika chache mbele ya wapita njia ambao wengine hawaijui lugha. Mzaha wa mwaka jana hufaa tena, maana aliyeusikia amekwisha panda ndege.

Watasema kumbi hizo zilijaa walevi, na kwamba vichekesho vyake viliwadhalilisha wanawake na watu wa bara kwa lafudhi zao. Ni kweli, tena si haba. Lakini dawa ya mzaha mchafu ni mtu aliyechomwa nao kuweza kurudi Ijumaa inayofuata na kuukataa kwa kimya chake. Mgeni wa siku tatu hana uwezo huo.

Watasema pia kwamba zama zimepita. Televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifika Bara mwaka 1994, na kichekesho kikahamia kwenye kioo. Ze Comedy ya EATV ikawaweka watu nyumbani. Hata hivyo, miaka ya karibuni jukwaa la Cheka Tu limethibitisha kuwa wakazi wa Dar es Salaam wangali wanalipa kiingilio kumsikiliza mtu mmoja na kipaza sauti. Kiu ipo. Kinachotakiwa ni kisima karibu na mwenye kiu, mwaka mzima, kwa bei ya mwuza maandazi.

Basi wafadhili wanaomimina fedha katika wiki moja ya tamasha na watenge fungu la wiki hamsini na moja zilizobaki: kodi ya ukumbi, taa, nauli ya msanii chipukizi. Na wapenzi wa sanaa wa visiwani, waliozoea kumngojea mchekeshaji Ngome Kongwe, siku wavukapo bahari wasiishie mjini. Wapande daladala hadi Temeke Ijumaa isiyo na tamasha lolote, waulize wapi watu wanacheka, walipe kiingilio kama wenyeji. Na mzaha ukiwagusa, wanyanyuke wakamtuze mchezaji pale pale kwao.