Mnara Umesimama, Mtandao Umelala: Betri ni Siasa Pia

Novemba, msimu wa korosho. Niko likizo nyumbani Nachingwea, nimekaa kwenye ofisi yetu ya tawi, umeme ukakatika. Taa za ruta zikazima hapo hapo. Mzee mmoja jirani, ambaye huwa anapita kuulizia bei ya mnada, akanikuta nimeshika simu.

"Mjukuu wangu, hebu niangalizie, leo Runali wameuza shilingi ngapi?"

"Mtandao umekata, babu. Umeme hakuna."

Akageuka akanyoosha fimbo. "Sasa ule mnara si umesimama pale?"

Nikawasha data ya simu, nikamsomea bei. Nikajiona nimeshinda. Baada ya kama saa mbili hivi, na simu nayo ikaandika hakuna huduma. Mnara bado umesimama pale pale.

Makamanda, swali la babu lina majibu mawili, na yote yanatuhusu.

Jibu la kwanza ni letu wenyewe. Ruta yetu ilizima kwa uzembe wetu. Vifaa hivi havihitaji umeme wa ukutani. Geuza adapta yako usome kibandiko: nyingi zimeandikwa volti 12, ampea 1. Yaani adapta inapokea volti 230 na kuzishusha hadi umeme wa moja kwa moja wa volti 12, umeme ule ule unaotoka kwenye betri ya pikipiki. Sasa wengi wetu tukitaka akiba tunanunua betri, tunaweka inveta ipandishe hadi 230, halafu adapta inashusha tena hadi 12. Ni sawa na kupanda basi Nachingwea kwenda Ruangwa kupitia Masasi. Kila kituo unalipa nauli, na inveta yenyewe inakula umeme wake.

Njia fupi ni betri moja kwa moja. Hesabu yake ya darasa la saba: volti 12 mara ampea 1 ni wati 12, na hicho ndicho kiwango cha juu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 18 ina wati-saa 216. Kama ni ya risasi na asidi, usiikamue zaidi ya nusu, itakufa mapema. Nusu ni 108. Gawanya kwa 12, unapata saa 9. Mkikatiwa asubuhi, bado mna mtandao hadi jioni.

Lakini msichomeke waya kienyeji. Betri inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na kidogo, na si kila ruta inavumilia, kwa hiyo wekeni kifaa cha kutuliza volti zibaki 12. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri. Hakikisheni chanya na hasi kwenye pini kabla ya kuwasha. Chaja iwe ile inayopunguza yenyewe betri ikijaa, au paneli ya sola yenye kontrola. Betri ya asidi isifungiwe kabatini, inataka hewa. Na kama mna antena juu ya paa, someni kibandiko chake pia: nyingi zinataka volti 24 au 48, si 12. Fundi sola yeyote mzuri anaimaliza kazi hii kwa mchana mmoja. Kama tunaweza kuchanga kukodi spika za mkutano, hii nayo tunaiweza.

Jibu la pili si letu, na hapo ndipo siasa inapoanza.

Mnara nao unaendeshwa na betri. Mitambo ya simu duniani kote imezoea umeme wa moja kwa moja wa volti 48, na betri zimepangwa chini ya mnara zisubiri umeme ukatike. Zikichakaa bila kubadilishwa, mnara unabaki chuma tu. Kusini tunajua maana yake. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara tumetegemea mitambo ya gesi ya Mtwara, nje ya gridi ya taifa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotupiga, tuliona barabara inavyoweza kukatika. Siku kama hizo simu ndiyo barabara iliyobaki.

Na tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX. Sawa, sipingi. Ila ukishahamishia soko la mkulima mtandaoni, saa za betri za mnara zimekuwa sehemu ya soko lake.

Kwa hiyo tudai nini? Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya minara 758 vijijini, kwa ruzuku. Ruzuku ni pesa ya umma. Tudai kila mkataba wa aina hiyo utaje saa ambazo mnara lazima udumu bila umeme, na TCRA itangaze kila wilaya ni minara mingapi imefeli. Mwaka 2020 jimbo la California huko Marekani liliagiza kampuni za simu ziwe na akiba ya saa 72 kwenye maeneo ya hatari ya moto. Sisi tuanze hata na saa 12. Ruangwa ilikuwa na mbunge ambaye ni Waziri Mkuu kwa miaka 10. Kama hoja hii haikusemwa kwa nguvu wakati huo, tuiseme sisi sasa.

Najua kuna atakayeuliza: dada, Oktoba 29, 2025 betri zingesaidia nini? Kweli, hazingesaidia. Siku ile intaneti ilizimwa nchi nzima, na betri haizuii amri. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kuwasiliana bila kuingiliwa, na hiyo tutaipigania kwa njia yake. Ila tusiposimamia kuzimika kwa uzembe, tunawapa kisingizio wanaozima kwa makusudi: watasema ni umeme tu.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila tawi la Nachingwea na Ruangwa lisome kibandiko cha ruta yake na kupiga hesabu. Na umeme ukikatika, andikeni daftarini: umekatika saa ngapi, mtandao wa simu umekufa saa ngapi, vyote vimerudi lini. Miezi 3 ya daftari hilo ni ushahidi, na ushahidi ndio tutakaopeleka TCRA.

Babu alirudi kesho yake. Nilimwambia mnara ulikuwa umesimama kweli, ila ulikuwa na njaa.