Binti wa ndani ya telefone apakwe rangi gani?



Juma hili tulitaka kuongea juu ya daftari za watoto wakati wa likizo. Daftari zitangoja. Siku ya posho kilitokea kitu kidogo ambacho hatukuweza kukiacha.

Tulikuwa tumekaa tunangoja wenzetu wafike ili tuhesabu makuta ya likelemba. Binti wa mmoja wetu, mtoto wa miaka 12, alikuwa mkekani na telefone ya mama yake. Alikuwa anacheza ule mchezo ambao mtoto anapewa binti wa kuchora. Anamchagulia ngozi, macho na nywele, kisha anampaka makiyaje na kumvalisha aende harusini. Michezo ya namna hiyo ni mingi, na binti zetu wanaijua kuliko sisi.

Tulimchungulia juu ya bega. Kabla ya kugusa macho au midomo, alisogeza kidole kwenye rangi za ngozi, akaenda mpaka mwisho kabisa, kule kwenye rangi nyeupe.

"Mwanangu, mbona umemfanya mzungu?"

"Hapana, mwalimu. Nimemfanya mrembo tu."

"Na yule mweusi hakuwa mrembo?"

"Yule rangi hazimkubali. Ukimpaka anakuwa kama amemwagiwa majivu."

Tulichukua telefone ili tumwonyeshe kwamba amekosea. Tukarudisha ngozi nyeusi. Tukampaka rangi ya waridi midomoni, buluu hafifu juu ya macho, na pudra mashavuni. Wamama, tuseme ukweli: mtoto alikuwa na haki. Midomo ilikuwa kama ya mgonjwa, na mashavu yalikuwa kama ya mtu aliyetoka kusaga mihogo mikavu.

Mtoto aliona vizuri. Alichokosea ni sababu. Aliona ngozi na rangi havipatani, akahukumu ngozi. Wa kuhukumiwa alikuwa rangi.

Kosa hilo ni la zamani, na si la telefone peke yake. Rangi nyingi za makiyaje zilitengenezwa kwanza kwa kufikiria ngozi nyeupe. Waridi hafifu juu ya ngozi nyeupe linaonekana waridi. Ukiliweka juu ya ngozi nyeusi, linachanganyika na weusi ulio chini yake na kuwa kijivu. Ndani ya mchezo ni vilevile. Mashine inalaza rangi juu ya ngozi kama pazia jepesi, na kinachoonekana ni mchanganyiko wa vitu viwili. Mtengenezaji wa mchezo asipojaribu rangi zake juu ya ngozi nyeusi, hatajua kwamba zinatoa majivu. Atakayejua ni binti yetu.

Hata wakubwa wa michezo walikosea hapo. Kuna mchezo unaoitwa The Sims 4, wa kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, uliotoka mwaka 2014. Unachezwa hasa kwenye kompyuta. Mchezaji anatengeneza watu, anawajengea nyumba na kuwaendeshea maisha. Wachezaji weusi walilalamika miaka mingi kwamba ngozi nyeusi za mchezo huo zilikuwa chache na zilionekana za kijivu, kama hazina damu. Mmoja wao, dada mweusi wa Marekani anayeitwa Amira Virgil, hakungoja. Alitengeneza rangi za ngozi nyeusi yeye mwenyewe na kuwapa wachezaji wengine waziweke ndani ya mchezo. Kampuni ilikuja kusikia. Mwezi wa 12 mwaka 2020 iliongeza rangi za ngozi zaidi ya 100, pamoja na njia ya kukoleza au kupunguza rangi ya ngozi na ya makiyaje kidogo kidogo.

Katika makiyaje ya kweli mambo yalienda hivyohivyo. Mwaka 2017 mwimbaji Rihanna alianzisha kampuni yake, Fenty Beauty, akatoa fondeteni ya rangi 40 kwa mara moja, zikiwemo za wenye ngozi nyeusi sana. Wanawake wengi weusi walipata kwa mara ya kwanza rangi inayofanana na uso wao. Ngozi zao hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliamua kutengeneza rangi kwa ajili yao.

Tulirudi mkekani, tukamwambia yule binti: tuanze upya, lakini safari hii ngozi haiguswi. Inabaki nyeusi kama yako. Tutafute rangi zinazoiheshimu. Wamama walikusanyika, na hapo tuligundua kwamba kazi hiyo tunaijua. Hakuna mama wa Sange anayehitaji kufundishwa kuchagua kikwembe. Tunajua manjano yanavyowaka juu ya ngozi yetu, na tunajua kikwembe cha rangi iliyopauka kinavyotuzeesha. Makiyaje yanafuata akili hiyohiyo. Haya ndiyo tuliyoyapata, na mnaweza kuyatumia katika telefone au mbele ya kioo.

Fondeteni, yaani rangi ya kwanza inayopakwa uso mzima, ifanane na shingo. Uso ukiwa mweupe kuliko shingo, umekosea. Mchezo ukiwa hauna fondeteni ya kufanana, acha kabisa, ngozi tupu ni bora. Pudra nyeupe usiiguse.

Kwenye macho, acha rangi hafifu zenye maziwa ndani yake. Chukua zilizokolea: shaba, dhahabu, zambarau, kijani cha majani ya mhogo, buluu ya usiku. Shaba ndiyo ilitushangaza. Mara tu tulipoipaka, macho ya yule binti wa kuchora yaliamka. Wanja mweusi ukae karibu na kope, na nyusi ziwe za kahawia nzito au nyeusi, zisizo nene kama mkaa.

Kwenye mashavu, waridi hafifu ndilo linaloleta majivu. Chukua rangi ya tofali, ya chungwa lililoiva au ya divai, kidogo tu. Ukitaka mahali pang'ae, tumia dhahabu. Fedha na nyeupe zinapoza uso mweusi.

Kwenye midomo tuna bahati, maana rangi nyingi zinatukubali: divai, kahawia ya kahawa, tofali, na nyekundu iliyokolea. Lakini chagua mahali pamoja pa kusema kwa sauti. Macho yakiwaka, midomo itulie. Midomo ikiwaka, macho yatulie. Vyote viwili vikipiga kelele, hakuna kinachosikika.

Mwisho, mtoe huyo binti nje ya chumba cha kupakia. Katika michezo mingi chumba hicho kina mwanga mkali unaodanganya. Mpeleke harusini au barabarani, halafu umtazame tena. Katika telefone ndogo uso wake utakuwa mdogo kama punje ya hindi. Kitakachoonekana ni nyusi, midomo na nywele, kwa hiyo usipoteze saa nzima kwenye vitu ambavyo hakuna atakayeviona.

Na muulize mtoto: huyu mtu wako ni nani, na anafanya kazi gani? Makiyaje ya bibi arusi si ya mama anayeuza ndagala barabarani, na si ya askari. Huko Yaoundé, Kameruni, kampuni ya Kiro'o Games ilitoa mwaka 2016 mchezo unaoitwa Aurion, uliotengenezwa na Waafrika juu ya ufalme wa Kiafrika wa kubuni. Ndani yake yumo malkia Erine, anayesafiri na mume wake baada ya kunyang'anywa kiti cha ufalme. Ni mweusi, ni mzuri, na ana kazi ya kufanya. Ni vizuri binti zetu wajue kwamba hata huku kwetu Afrika kuna watu wanaotengeneza michezo, na kwamba kesho wanaweza kuwa wao.

Tulipomaliza, yule binti alimtazama mtu wake muda mrefu. Shaba machoni, divai midomoni, ngozi nyeusi inayong'aa. Alisema, "Kumbe." Tulifurahi, tukafikiri somo limeisha. Lakini wamama, mtoto ana macho. Aligeuka, akatazama mikono yetu iliyokuwa imeshika telefone, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, usikasirike. Mbona vidole vyako havifanani na uso wako?"

Wamama wengine walicheka. Sisi hatukucheka.

Mnajua maana ya swali lile. Katika Kongo yetu neno makiyaje lina maana mbili, na ya pili ni ile ya kujigeuza rangi kwa mafuta. Viungo vya vidole vinagoma kugeuka, ndiyo sababu vinamshitaki mtu. Sisi tunaoandika ukurasa huu, tulipokuwa tunasoma ualimu kule Bukavu, tulinunua tubu sokoni kabla ya harusi yetu ili tuonekane vizuri katika picha. Tubu moja ikawa nyingi. Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa tumesogeza kidole mpaka mwisho kule kwenye nyeupe, kama yule mtoto, isipokuwa sisi hatukuwa na mahali pa kubonyeza ili kurudisha.

Tuliacha tulipokuwa na mimba ya kwanza, muuguzi alipotusemesha kwa upole. Alisema mafuta mengine yana zebaki, ambayo inaharibu figo na inaweza kumfikia mtoto tumboni. Mengine yana hidrokinoni, ambayo mtu akiitumia muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi yenye rangi ya buluu, magumu kuondoka. Mengine yana dawa za daktari za ngozi, ambazo zikipakwa ovyo zinafanya ngozi kuwa nyembamba, na kidonda kinachelewa kupona. Mama anayeweza kuzaa kwa upasuaji ajue hilo. Mataifa mengi yalikubaliana mwaka 2013, katika mapatano ya Minamata, kuyaondoa mafuta ya kujing'arisha yenye zebaki. Jirani zetu wa Rwanda, mwaka 2018 na 2019, walipita madukani kuyakamata. Lakini sheria haiingii chumbani kwetu. Anayeingia ni binti, na anatazama.

Kwa hiyo tulimjibu ukweli mbele ya wote. Tulimwambia: "Mwanangu, mwalimu wako alifanya na ngozi yake kile ulichofanya na binti wako wa telefone. Alifikiri ngozi ndiyo yenye kosa." Alinyamaza. Kisha akashika kidole chetu kimoja, akakiweka karibu na kioo cha telefone, akasema, "Hiki kinafanana naye." Hatuna haya kuwaambia kwamba tulihitaji kutoka nje kidogo.

Wamama, hatusemi watoto wasicheze. Mchezo wa kupamba uso si dhambi, na mtoto anayejifunza kupatanisha rangi anajifunza kitu. Tunasema tusiwaache peke yao. Matangazo yanaingia katikati ya mchezo, na mengine yanauza vitu visivyo vya watoto. Vitu vingine ndani ya mchezo vinauzwa kwa feza ya kweli, kwa hiyo namba ya siri ya feza za telefone mtoto asiijue. Zima mega kama mchezo unaweza kuchezwa bila mega. Weka saa, kazi za nyumbani na masomo vitangulie. Na angalau mara moja, kaa karibu naye wakati anamtengeneza mtu wake. Usimkaripie. Tazama tu kidole chake kinaenda wapi kwanza.

Zoezi la juma hili kwa kila kikundi: mwombe binti mmoja alete mchezo wake, atengeneze mtu mwenye ngozi kama ya mama yake, na wamama wamsaidie kumchagulia rangi zinazomkubali. Halafu kila mmoja aseme, bila kumcheka mwenzake, ni lini kwa mara ya kwanza alifikiri ngozi yake ina kosa, na nani alimwambia.

Juma lijalo tutarudi kwenye daftari za likizo. Mbaki na amani.