Keki, kuku na herufi tisa

Mama amekata keki. Kaka amelala. Kuku amekula keki. Kaka amelia.

Kisa hicho kina karamu, uzembe, wizi na machozi, na hakihitaji zaidi ya herufi tisa: irabu tano pamoja na m, k, t na l. Mtoto wa miaka sita aliyezizoea sauti za herufi hizo, akaelewa kwamba m ikikutana na a hutoka ma, anaweza kukisoma peke yake hadi mwisho kabla hajasikia kwamba kuna kitu kinaitwa z. Kuku akiingia, mtoto atacheka. Kicheko hicho ndicho mtihani wenyewe, maana hakuna anayecheka asichokielewa.

Lakini katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ambako mzazi ameamua kumfundisha mwanawe kusoma, kitu cha kwanza kununuliwa ni kifurushi cha Kiingereza: kadi za rangi, madaftari ya kufuatisha nukta, ratiba ya mwaka mzima iliyopangwa siku kwa siku. Kadi zinabandikwa ukutani. Likizo inakwisha, mtoto anaimba alfabeti vizuri kabisa, anajua kuwa A ni ya apple, tunda analolionja mara chache kuliko embe, na bado hawezi kusoma neno "kikombe". Mtoto hana kosa, na kadi nazo hazina kosa. Ratiba ile ni dawa ya ugonjwa ambao Kiswahili hakiumwi.

Kiingereza kina sauti zipatazo 44 zinazogombania herufi 26. Maneno though, through, tough na cough yanaishia kwa herufi zilezile nne, na hakuna mawili kati yake yanayotamkwa sawa mwishoni. Ndiyo maana mwaka 1936 Mmarekani Edward William Dolch alichapisha orodha ya maneno 220 ambayo walimu wengi hadi leo huwakaririsha watoto wayatambue kwa sura, kama mtu anavyomtambua jirani kwa mwendo. Ndiyo maana pia Uingereza, tangu 2012, huwapima watoto wa mwaka wa kwanza kwa mtihani maalumu wa kutamka maneno, yakiwemo yasiyo na maana yoyote, ili ionekane kama kweli wanaziunganisha sauti au wanabahatisha. Kwa lugha yao ni jambo la busara.

Mwaka 2003, Philip Seymour na wenzake walitoa matokeo ya kulinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwisho wa mwaka wa kwanza, watoto wa lugha nyingi waliyasoma maneno ya kawaida karibu yote bila kosa. Wanaosoma Kiingereza walipata takribani theluthi moja. Watoto wa Finland, ambao huanza shule wakiwa na miaka saba, walikuwa miongoni mwa walio juu kabisa. Kiswahili hakikuwemo kwenye utafiti huo, lakini kwa namna kinavyoandikwa kinakaa baraza moja na Kifini: karibu kila herufi na sauti yake moja, na maneno marefu kama treni ya mizigo.

Basi mzazi anayepanga mwaka wa kwanza wa kusoma kwa Kiswahili ana bahati ambayo mzazi wa London hana. Kazi ya kufungua maandishi, ile inayomchukua mtoto wa Kiingereza miaka miwili au zaidi, hapa inaweza kuwa ya miezi michache kwa dakika ishirini kwa siku. Muda unaobaki ndio mali, na ndio unaopotea kwa kufuata ratiba ya watu wengine.

Kuna atakayeuliza: kama ni rahisi hivyo, mbona watoto wetu hawasomi? Swali lina uzito. Upimaji wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2013 ulionyesha kuwa ni wanafunzi 8 hivi katika kila 100 wa darasa la pili waliosoma kwa ufahamu kwa kiwango kilichotarajiwa. Serikali ilishtuka, na kuanzia 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa mizigo, ukabaki na KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Tahajia ya Kiswahili haikubadilika hata nukta. Kilichokuwa kikiwashinda watoto kilijulikana na kila aliyewahi kupita nje ya darasa lenye watoto themanini: ba, be, bi, bo, bu inaimbwa kwa pamoja hadi bati linatetemeka, na nusu ya waimbaji wanatazama dirishani. Kitabu kimoja kinasomwa na vichwa vitano, na mmoja wao anakiona kichwa chini miguu juu. Nyumbani mtoto ni mmoja, au wawili wakizidi. Anayeimba bila kutazama anaonekana papo hapo.

Kazi ianze bila karatasi. Kwa wiki mbili tatu mtoto acheze na sauti: apige makofi kwa kila silabi ya jina lake, la bibi yake, la paka. Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, ambapo silabi za neno hugeuzwa na soma ikawa maso; anayekiweza kinyume ameshajua, bila kufundishwa na yeyote, kwamba neno hukatika vipande na vipande huhamishika. Makofi hayo pia hufichua mambo ambayo macho hayaoni. Mbu hupigiwa makofi mawili, m-bu. Mbuzi naye mawili, mbu-zi. Herufi za mwanzo ni zilezile, lakini katika mbu ile m inasimama kwa miguu yake. Mtoto anayezungumza Kiswahili hulisikia hilo mara moja. Mtu mzima ndiye anayehitaji kulirudia.

Kisha zije zile herufi tisa, kwa sauti zake na si kwa majina yake. Ziongezwe mbilimbili kila baada ya siku kadhaa, na kila zikiongezeka kitungwe kisa kipya: n ikiingia kaka analima, s ikiingia anasoma. Mwandishi wa visa hivyo ni mzazi mwenyewe, kwa kalamu na daftari la kawaida, na mhusika mkuu awe mtu anayejulikana nyumbani. Q na x ziachwe, hazina kazi, isipokuwa kwa vijana wanaoandika "xaxa" kwenye simu, nao hawahitaji msaada wa kujifunza kusoma.

Ugumu wa Kiswahili umejificha kwingine, kwenye urefu. "Hatutawaambia" ni neno moja lenye silabi saba. Mtoto anayelisoma silabi kwa silabi akifika mwisho ameshasahau alikoanzia, na mzazi humdhania mzito. Si mzito, amebebeshwa mzigo bila kupewa mpini. Mpini ni vipande vyenye maana. Boksi la sabuni likikatwa kadi, moja ikaandikwa soma, nyingine lala, nyingine cheka, na vipande vidogo vikaandikwa a, wa, na, li, ta, mtoto atajenga mwenyewe anasoma, walilala, atacheka. Siku nyingine vinaongezwa hawa na ku, likatoka hawakulala, na jicho linaanza kuviona vipande hivyo kwa mkupuo mmoja badala ya kuzihesabu herufi. Kazi hii ndiyo inayostahili majuma mengi zaidi ya mwaka mzima, na katika ratiba ya Kiingereza hutaikuta, kwa sababu Kiingereza hakina maneno ya namna hiyo.

Pia kuna mkazo. Anayeanza husoma wa-na-pi-ka kwa uzito sawasawa kama anayehesabu sarafu, akamaliza bila kujua amesema nini. Akiambiwa alisome tena akikandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, uso unabadilika: kumbe ni wanapika! Kanuni hiyo hushika karibu kila neno. Barabara ya magari huifuata; barabara yenye maana ya sawasawa huipinga kwa baadhi ya wasemaji, na maandishi hayaonyeshi tofauti.

Kuandika kuende sambamba na kusoma, na imla ya maneno matano kwa siku inatosha. Hapo ndipo nyumba itajigundua. Mwaka 2003 Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha uchunguzi wao wa makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania, na hoja yao ilikuwa kwamba hata lugha inayoandikwa kwa utaratibu namna hii si lelemama kwa mtoto. Baadhi ya makosa hufuata matamshi anayoyasikia. Nyumba isiyotofautisha l na r itapata mtoto anayeandika "kula" wakati wa uchaguzi. Dh, th na gh nazo zina wenyewe. Badala ya kumkemea mtoto, mzazi akubali kwamba naye yumo darasani.

Mtoto wa Lamu, Tanga au Unguja anayekwenda chuoni kusoma Kurani ana akiba ambayo wazazi wengi hawaihesabu. Ameshafundishwa kwamba be yenye fataha husomwa ba, yenye kasra bi, yenye dhuma bu. Wazo zima la kusoma kwa silabi analo kichwani. Anachokosa ni e na o, na kuanzia kushoto. Mzazi akimwambia wazi kuwa hii ni kazi ileile kwa herufi nyingine, kaokoa mwezi.

Aliye ughaibuni ana safari tofauti. Marekani kusomesha mtoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, na familia zinazozungumza Kiswahili, zikiwemo nyingi zilizotoka Kongo, huwafundisha watoto Kiswahili jioni au Jumamosi baada ya Kiingereza cha wiki nzima. Mtoto huyo tayari anajua kusoma, lakini macho yake yamezoea mtego. Akiona pole anasoma mlingoti, mate anasoma rafiki, kale anaona majani ya kuchemsha. Kwake herufi si ngeni. Irabu ndizo za kuanza nazo upya, zitamkwe wazi na bila kubadilika, hata kwa wiki mbili nzima.

Kuhusu sheria, isisahaulike. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1978 inataka mtoto aliyefikisha umri wa kuanza shule aandikishwe, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inampa mzazi wajibu wa namna hiyohiyo. Kwa familia nyingi, kwa hiyo, shule ya nyumbani ni ya kabla ya shule, ya jioni na ya likizo. Mwaka 2020, korona ilipoingia, ilikuwa ya lazima: Tanzania ilifunga shule katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni, na watoto wengi wa Kenya hawakurudi hadi Januari 2021. Wazazi wengi walijua wakati huo kwamba hawakuwa na kitabu hata kimoja cha hadithi ndani ya nyumba.

Vitabu vipo, japo havijai rafu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada mtandaoni bila malipo, na African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi za Kiswahili za kuchapa au kusoma kwenye simu. Mtoto akishaweza kufungua maneno, nusu ya muda wa somo iwe ya kusomewa na mkubwa, hadithi ngumu kuliko anazoziweza mwenyewe: Abunuwasi na hila zake, sungura na fisi, chochote chenye maneno asiyokutana nayo jikoni. Paa la nyumba, paa wa porini na kupaa angani zikikutana katika jioni moja, mtoto hujua kuwa neno ni sanduku lenye droo. Kitendawili kifuate, kisha aulizwe aliyekula keki ni nani na kwa nini kaka alilia badala ya kumfukuza kuku. Majibu hayamo kwenye herufi tisa.

Wapo watakaosema haya yote yanamchelewesha mtoto, kwa kuwa sekondari ya Tanzania ni ya Kiingereza na dunia haisubiri. Hofu hiyo inaeleweka kwa mzazi anayelipa ada. Lakini ujuzi wa kuunganisha sauti mtu hujifunza mara moja maishani, na aliyeupata kwa lugha anayoiota usiku huuhamishia kwenye lugha ya pili akiwa na jambo moja tu la kuhangaikia. Anayeanza na Kiingereza asichokisema hujifunza vitu viwili kwa pamoja, kusoma na lugha yenyewe, na mara nyingi hutoka na nusu ya kila kimoja.

Maandishi ya bure yamejaa kila upande: mfuko wa unga, ubavu wa daladala, kibao cha dukani kinachotangaza kuwa hakuna mkopo. Na kuna kanga, ambayo jina lake kwa kawaida huchapwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo itasubiri hadi herufi kubwa zifundishwe. Mwezi wa nne au wa tano hivi, jirani akiwa amekuja kuomba chumvi, mtoto atasimama nyuma ya mama yake na kulisoma jina la kanga kwa sauti, silabi kwa silabi na mkazo mahali pake, kisha atauliza limeandikiwa nani.