Mchuma Janga Hula na wa Kwao



Kila mara timu ya Chama chetu ishindwapo, maneno tuyasikiayo ofisini asubuhi ya Jumatatu ni yale yale: "Refa ametuonea." Karani wa masjala huyasema, tarishi huyasema, na mpiga taipu naye huacha mashine yake apate kuyaunga mkono. Hatukatai kwamba marefa hukosea. Wao ni wanadamu kama sisi. Lakini sisi tushikao madaftari ya hesabu kila siku twajua ya kuwa mtu hana haki ya kumlaumu mdai kwa deni alilolikopa mwenyewe. Basi leo twapenda kulifungua daftari moja la zamani, nalo ni la Kombe la Dunia lililochezwa Italia mwaka 1990, tukatazame faida na hasara ya timu ya Kameruni, ambayo Waafrika wengi tuliipenda kama yetu.

Tarehe 8 Juni 1990, katika mji wa Milan, Kameruni walifungua mashindano kwa kucheza na Argentina, mabingwa wa mwaka 1986. Dakika ya 61 mchezaji wao André Kana-Biyik alitolewa nje. Dakika sita baadaye ndugu yake, François Omam-Biyik, aliruka juu akafunga bao kwa kichwa. Kabla mchezo haujaisha, Benjamin Massing naye alitolewa kwa kumchezea vibaya Caniggia. Kameruni walimaliza wakiwa watu 9, wakashinda 1-0. Afrika nzima ilishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Ila furaha ile ilikuwa na sumu ndani yake, kwa kuwa wengi walidhani ya kwamba kutolewa nje si kitu, mradi mtu ni shujaa.

Kameruni waliendelea. Waliwashinda Romania 2-1, na katika mzunguko wa pili, tarehe 23 Juni, wakawashinda Kolombia 2-1 kwa mabao mawili ya Roger Milla, mzee wa miaka 38. Kwa ushindi huo wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Lakini siku ile ile ya furaha, deni liliongezeka kimya kimya. Kadi ya manjano, iliyoanza kutumiwa katika Kombe la Dunia mwaka 1970 huko Mexico, ni mfano wa barua ya onyo iwekwayo katika faili la mtumishi. Barua ya kwanza haikufukuzi kazini, wala haikupunguzii mshahara; hulala tu katika faili ikingoja ya pili. Kwa sheria ya mashindano yale, aliyepata kadi mbili katika michezo mbalimbali hukosa mchezo unaofuata. Basi robo fainali ilipofika, wachezaji wanne wa Kameruni walikuwa wamezuiwa kucheza kwa ajili ya kadi zao, na Kana-Biyik alikuwa mmoja wao. Wakakaa kuwatazama wenzao.

Mchezo huo ulikuwa na Uingereza, tarehe 1 Julai, katika mji wa Naples. Waingereza walitangulia kwa bao la David Platt. Kipindi cha pili Milla aliingia, akaangushwa katika eneo la hatari, na Emmanuel Kundé akafunga penalti dakika ya 61. Dakika nne tu baadaye Eugène Ekéké akafunga la pili. Kameruni 2, Uingereza 1. Zilibaki dakika 7 tu kwa saa ya mchezo, na nusu fainali ilikuwa mlangoni, walipomwangusha Gary Lineker katika eneo lao la hatari. Akapiga penalti, akasawazisha. Katika muda wa nyongeza wakamwangusha tena mtu yule yule, mahali pale pale pa hatari. Dakika ya 105 akapiga penalti ya pili, akafunga. Mchezo ukaisha 3-2, Kameruni wakarudi kwao.

Sasa twawaomba wasomaji watazame hesabu hii kama watazamavyo karatasi ya mahesabu mezani. Waingereza hawakupata bao lolote kwa mchezo wa kawaida tangu dakika ya 25 hata mwisho. Mabao mawili yaliyowashinda Kameruni yalitoka katika makosa ya Kameruni wenyewe. Tena yule refa aliyewapa Uingereza penalti mbili ndiye aliyewapa Kameruni yao ya kwanza. Waingereza walikosa mara moja wakalipa bao moja. Kameruni walikosa mara mbili wakalipa mawili. Na katika saa ile ya kulinda lango, wanne ambao wangeweza kusaidia walikuwa nje. Hatusemi kwamba wangalikuwapo wasingalifungwa. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Twasema tu kwamba msaada wao ulikuwa umekwisha kutumiwa, siku nyingi kabla, katika michezo ambayo pengine haukuwa na haja ya kutumiwa hivyo. Baada ya siku ile Afrika ilingoja miaka 32, mpaka mwaka 2022, Moroko walipofika nusu fainali.

Mtu asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Kameruni peke yao. Katika mashindano yale yale Argentina waliwatoa wenyeji, Italia, katika nusu fainali, lakini wakaingia fainali mjini Roma tarehe 8 Julai bila wachezaji wanne waliozuiwa. Mmoja wao alikuwa Caniggia, mfungaji wao hodari, aliyeandikwa kwa kuushika mpira kwa mkono. Katika fainali hiyo wakatolewa wengine wawili, na Ujerumani ya Magharibi wakashinda 1-0 kwa penalti ya dakika ya 85. Penalti ile watu huibishania hata leo. Lakini ubishi huo haumrudishi Caniggia uwanjani, wala hauwarudishi wale wawili waliotolewa.

Yuko mtu atakayetujibu: "Mbona wengine hukosa wakafaidika?" Ni kweli. Mwaka 2010, katika mji wa Johannesburg, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mkono mpira wa Ghana uliokuwa ukiingia langoni katika dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Alitolewa nje, Asamoah Gyan akapiga penalti ikagonga mwamba wa juu, na Uruguay wakashinda kwa mikwaju. Jambo hilo lilituuma wote. Lakini tufuate hesabu mpaka ukurasa wa mwisho: mchezo uliofuata, wa nusu fainali, Uruguay walicheza bila Suárez, wakafungwa na Uholanzi 3-2. Deni huweza kuchelewa, lakini mwenye kulidai hasahau.

Wazee wetu walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Hapo ndipo penye neno letu la leo. Mchezaji atukanaye refa au apigaye mtu teke kwa hasira hudhani analipa yeye mwenyewe, na hata hujiona mwanamume. Sivyo. Wanaolipa ni wale kumi wanaobaki kukimbia kwa miguu yao na ya kwake. Anayelipa ni mlinda mlango asimamaye peke yake mbele ya mpira uliowekwa yadi 12. Na pengine anayelipa ni timu ya juma lijalo, ambayo haikuwapo kosa lilipotendwa.

Wala lawama si ya wachezaji peke yao. Sisi tusimamao pembeni, tena tukiwa na kola na tai, ndio tupigao kelele, "Mvunje mguu!" Kijana akitutii akatolewa nje, twamwita shujaa, timu ikishindwa, twamwita refa mwizi. Mtumishi ambaye ofisini hupima kila neno la barua yake, uwanjani hutamka maneno asiyoweza kuyatia sahihi. Yatupasa kuona haya.

Kwa hiyo twatoa mashauri manne, Halmashauri iyatazame. Kwanza, kapteni peke yake ndiye aseme na refa. Pili, Katibu wa michezo aandike katika daftari, kando ya mabao, kila kadi na kila penalti tuliyoitoa, na daftari hilo lisomwe katika mkutano mkuu. Tatu, atolewaye kwa tusi au kwa hasira akose mchezo mmoja zaidi kwa amri ya Chama chenyewe, hata akiwa mfungaji wetu bora. Nne, tukiwa na malalamiko ya haki juu ya refa, yaandikwe na Katibu kesho yake, kwa adabu na kwa ushahidi, yapelekwe kwa wanaohusika.

Shauri hili la nne tunalisisitiza. Chama chetu huishi kwa kudai haki za wanachama wake, na kila tunapopeleka dai, neno la kwanza tuulizwalo ni habari ya mwenendo wa yule tunayemtetea. Faili likiwa safi, dai hupata nguvu. Likiwa na maonyo, hata haki iliyo wazi hudhoofika. Uwanjani ni vivyo hivyo. Timu yenye adabu ikionewa, kila mtu huona kwamba imeonewa. Timu iliyozoea fujo ikionewa, hakuna asadikiye.

Jumamosi ijayo timu yetu itacheza tena. Tuje wengi, tuimbe, tuwatie vijana moyo. Na yule ambaye hana la kusema ila "mvunje mguu," twamwomba afunge kinywa chake, asije akatugharimu bao.