Rangi Si Jambo la Kukaririwa

Wako watu wasemao kwamba rangi ni jambo la watoto wadogo. Mtoto wa chekechea, wasema, hufundishwa kwamba anga ni samawati, majani ni ya kijani na udongo ni wa kahawia. Akisha kuyajua hayo ameijua rangi, wala hana haja ya kulirudia somo hilo maisha yake yote. Mwanafunzi wa shule ya upili akionekana chini ya mwembe anapaka karatasi rangi, au anakipiga picha kiondo cha mamaye, huulizwa kama amekosa kazi ya kufanya. Nakusudia kuyapinga maneno hayo, wala sikusudii kuyapinga kwa upole.

Nilipata kuliona daftari la mtoto wa darasa la nne aliyechora mlima wakati wa magharibi. Mlima wake aliupaka rangi ya zambarau. Mwalimu alipitisha kalamu nyekundu juu ya mchoro ule, akaandika pembeni kwamba milima ni ya kijani. Sasa, msomaji, toka nje jua linapokaribia kuchwa, uitazame milima ya mbali popote ulipo, ikiwa ni ya Ngong, ya Taita au ya Nyandarua, kisha uniambie ni nani aliyestahili kusahihishwa. Mtoto alikuwa ametazama. Mwalimu alikuwa amekariri. Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu.

Jambo la kwanza tuambiwalo ni kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna la kujivunia katika habari za rangi, maana lugha yetu ina majina matatu tu ya asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Ni kweli kwamba hayo matatu peke yake ndiyo yachukuayo viambishi vya ngeli, tukasema nguo nyeupe, kitambaa cheupe, mawe meupe. Rangi nyingine zote hazina budi kuegemea neno jingine. Lakini kutoka hapo mpaka kudai kwamba macho yetu hayaoni ni kuruka mto kwa mguu mmoja. Mto huo ulipata kurukwa na mtu mkubwa. Mwaka 1858 William Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliyapekua maneno ya rangi katika tenzi za Homer, mshairi wa Wayunani wa kale. Aliyaona kuwa machache na yenye kuchanganya, akakata shauri kwamba Wayunani wale hawakuwa na jicho la rangi lililokomaa. Watu waliozipaka rangi kali hata sanamu zao za mawe!

Na tuyatazame majina yetu mengine. Kijivu kimetoka katika jivu. Kahawia imetoka katika kahawa. Manjano ni kiungo kile kile kitiwacho mchuzini. Zambarau ni tunda liachalo alama ulimini. Mtu ambaye ngozi yake si nyeusi sana wala si nyeupe huambiwa ni maji ya kunde, na aliyepata kuchemsha kunde hahitaji kuelezwa zaidi. Wekundu ulioiva hata kukaribia weusi huitwa damu ya mzee. Majina haya hayakutungwa na mtu aliyeketi mezani na kamusi. Yalitungwa na watu waliopika, waliolima, waliochinja na waliofua, na kila jina ni kitu kilichopata kushikwa kwa mkono. Mtoto anayekariri neno kijivu pasipo kulitazama jivu ameazimwa neno tu. Akilitazama ataona kwamba jivu la kuni zilizoungua sawasawa hukaribia weupe, na lile lililochanganyika na vumbi la makaa huelekea weusi. Ataona kwamba neno lake moja lina rangi nyingi ndani yake, na hapo ndipo elimu inapoanza.

Wa pili ninaoshindana nao ni wale wasemao kwamba kazi ya mikono haina elimu ndani yake. Hao nawapeleka Paris, katika karakana ya Gobelins, ambako yalifumwa mazulia ya kutundikwa kutani katika majumba ya wafalme wa Ufaransa. Mwaka 1824 mwanakemia Michel Eugène Chevreul aliwekwa kuwa msimamizi wa utiaji rangi mahali hapo. Yaliletwa kwake malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu: zikifumwa kuwa vivuli katika mavazi ya buluu na ya urujuani, weusi wake haukuonekana kuwa na nguvu. Chevreul alizichunguza nyuzi zile, akazilinganisha na nyuzi nyeusi za karakana nyingine, asizione na ila. Dosari haikuwa katika chungu cha rangi. Weusi ulikuwa ukidhoofishwa na rangi jirani. Alilitafiti jambo hilo miaka mingi, na mwaka 1839 akatoa kitabu kinene kueleza jinsi rangi mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu zinavyogeuzana sura machoni mwa mtazamaji. Wachoraji wakakisoma, na wanasayansi wakakisoma. Chanzo chake kilikuwa uzi, na mafundi waliokuwa na haki ya kunung'unika.

Msusi wa mikeka wa pwani yetu analijua jambo hilo pasipo kitabu. Huuchukua ukindu mkavu, akauchemsha pamoja na rangi, akausuka ukili mwembamba na mrefu, kisha akazishona kili hizo upande kwa upande mpaka mkeka utimie. Kijani kikikaa karibu na wekundu huwaka. Kijani kile kile kikikaa karibu na manjano hupoa. Mwulize kwa nini ameacha mstari mmoja katikati bila kuutia rangi, uone kama atakosa jibu. Au itazame kanga ya kisutu, ile ya maarusi: wekundu, weusi na weupe, basi. Ni rangi zile zile tatu ambazo kwazo lugha yetu huchekwa, na sijapata kumsikia mtu akisema kwamba kisutu ni kanga ya maskini wa rangi.

Chevreul huyo aliishi miaka 102. Mwaka 1886, alipotimiza miaka 100, mpiga picha Nadar alifanya mazungumzo naye huku mwanawe Nadar akimpiga picha nyingi mzee yule akinena. Ni picha za bingwa wa rangi, na hazina rangi hata chembe. Nazitaja kwa sababu zanifikisha kwa kundi la tatu, ambalo ni kubwa kuliko mengine na ambalo, nadhani, wewe msomaji umo ndani yake: wale waaminio kwamba kamera huona kila kitu kama kilivyo, na kwamba mwenye simu nzuri hana haja ya kuyasumbua macho yake.

Picha ya kwanza ya rangi iliyo mashuhuri ilionyeshwa London tarehe 17 Mei 1861 na mwanafizikia James Clerk Maxwell. Kilichopigwa picha ni utepe wa nguo wenye mistari ya rangi, kazi ya mfumaji. Ulipigwa picha tatu, moja nyuma ya kichujio chekundu, moja nyuma ya kijani na moja nyuma ya buluu. Kisha picha zile zikamulikwa pamoja ukutani kwa vichujio vile vile, na rangi zikatokea. Watazamaji waliuona wekundu wakaridhika. Miaka 100 baadaye, mwaka 1961, wataalamu wa kampuni ya Kodak walionyesha kwamba dawa ya picha ya zama za Maxwell haikuweza kuuhisi wekundu hata kidogo. Utepe ule ulikuwa ukirudisha pia nuru nyingine isiyoonekana kwa macho ya binadamu, na nuru hiyo ndiyo iliyopenya kichujio chekundu ikaacha alama. Kamera ilisema nyekundu kwa sababu isiyohusu wekundu. Tangu siku yake ya kwanza ilikuwa shahidi wa kuhojiwa.

Hata leo ni hivyo. Ndani ya kamera nyingi kipokea nuru kimegawanywa vijisehemu mamilioni, na kila kijisehemu kimefunikwa kwa kichujio cha rangi moja tu, nyekundu, kijani au buluu. Mpango huo ulipewa hataza mwaka 1976 kwa jina la Bryce Bayer wa Kodak, na katika mpango huo nusu ya vijisehemu ni vya kijani. Rangi mbili zinazokosekana katika kila kijisehemu hukisiwa kwa hesabu kutoka kwa jirani zake. Baada ya hapo simu hukisia tena kama nuru iliyopo ni ya jua, ya kivuli au ya taa, ipate kuamua nyeupe ni ipi. Kisha huongeza ukali wa rangi, kwa kuwa walioitengeneza wanajua kwamba wanunuzi hupenda rangi kali. Wewe unaitazama picha na kusema, "Ndiyo rangi yenyewe." Rangi ya nani?

Wako walioumia kwa makisio hayo. Kwa miaka mingi tangu mwongo wa 1950, maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kuifuata kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Mtu mweusi akipigwa picha pamoja na mweupe, mweusi alitoka kama kivuli chenye meno. Watu waliopata kufanya kazi katika kampuni hiyo walishuhudia baadaye kwamba filamu ilitengenezwa upya kwa sehemu kubwa kutokana na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wauzaji wa samani za mbao, ambao hawakuridhika na jinsi rangi za kahawia zilivyotoka. Yaani kabati na peremende zilisikilizwa kabla ya watu! Mwaka 2022 kampuni ya Google ilitoa kipimo cha ngozi chenye vivuli 10, kilichobuniwa na Ellis Monk, mtaalamu wa elimu ya jamii, ili mashine zifundishwe kutofautisha ngozi za watu. Nakipongeza kipimo hicho. Lakini bibi zetu walikuwa wamekwisha kusema maji ya kunde.

Je, nasema simu itupwe? Hata kidogo. Nataka ipewe mwenzake wa kuishtaki, na mwenzake huyo ni kazi ya mkono. Chukua kijiko cha unga wa manjano, ukichemshe katika maji, utumbukize kitambaa cheupe cha pamba, ukianike kivulini. Kikisha kukauka, tonesha juu yake maji yaliyotiwa magadi: hapo hapo patageuka kuwa pekundu lenye ukahawia. Tonesha ndimu juu ya alama hiyo, na manjano yatarudi. Kisha kiweke kitambaa dirishani penye jua, nusu moja umeifunika kwa kitabu, na kila siku saa ile ile ukipige picha, kando yake karatasi nyeupe ile ile. Baada ya siku kadhaa inua kitabu. Utaona mwenyewe jinsi jua lilivyoila nusu iliyo wazi, kwa maana rangi ya manjano haistahimili jua. Halafu zipange picha zako na uzilinganishe na kitambaa kilicho mkononi. Utagundua siku ambazo simu ilikudanganya, na karatasi nyeupe itakuambia ilikudanganya kwa kiasi gani. Fanya hivyo hivyo kwa maganda ya vitunguu, mara moja pamoja na shabu na mara moja pasipo shabu. Zoezi hili halifiki bei ya kitabu kimoja cha marudio ya mtihani.

Nitaambiwa kwamba katika shule nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Najua, wala simchochei mtu avunje sheria. Simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima. Nitaambiwa tena kwamba mwanafunzi hodari wa sayansi hana wakati wa kuchezea vitambaa. Mwaka 1856 kijana wa Uingereza wa miaka 18, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akaikosa. Alichokipata kilikuwa rangi ya urujuani iliyoshika vizuri kwenye hariri. Lau angalikuwa na dharau ya namna hii angalikimwaga. Viwanda vya rangi vilivyofuata ndivyo vilivyozaa baadhi ya viwanda vikubwa vya dawa.

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, walioingia shule za upili za nchi yetu Januari 2026, waliwekewa njia tatu, na moja ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Tayari naisikia minong'ono katika vyumba vya walimu kwamba njia hiyo ni ya wale wasioweza hesabu. Mwenye kunong'ona hivyo na asokote katani kwa saa moja, ahesabu nyuzi za kiondo chenye mistari mitano isiyopishana, kisha aje tuongee juu ya hesabu.

Kwa mama asokotaye katani hiyo, jambo hili si la nadharia. Siku hizi kiondo chake aghalabu huuzwa kwa picha kabla ya kushikwa na mnunuzi aliye Nairobi au Hamburg. Mnunuzi hupenda wekundu aliouona kwenye kioo cha simu, akalipa. Kiondo kikamfikia kikiwa na wekundu mwingine, akakirudisha. Hasara hiyo haimfikii aliyeitengeneza simu, humfikia aliyekisuka kiondo. Nyumbani mwake yumo binti au mjukuu aliyesoma, mwenye alama nzuri katika karatasi zake zote. Je, shule imemfundisha kukitoa kiondo kwenye mwanga wa balbu, kukipeleka kivulini saa tatu ya asubuhi, kuweka karatasi nyeupe kando yake, kuitazama picha, kukitazama kiondo, na kuipiga tena?